Kijana Angojaye Kupasuliwa Mgongo

Wako watu wadhanio ya kwamba uti wa mgongo wa kijana ukipinda upande, ni kwa sababu ya kubeba mizigo, au ni adhabu ya dhambi za wazazi. Dhana hizo si kweli. Ugonjwa huu, uitwao skoliosisi, mara nyingi huonekana kijana anapokua kwa haraka, na aghalabu chanzo chake hakijulikani. Basi mwenye kumlaumu mtoto au mama yake amewadhulumu.

Mpindo hupimwa kwa digrii katika picha ya eksirei. Ukizidi 45 au 50, kwa kawaida madaktari hushauri upasuaji, kwani huweza kuendelea hata kimo kikiisha kukoma. Mgongo hunyoshwa kwa vyuma na skrubu, kisha pingili huungana polepole.

Je, anayengoja tumsaidieje? Kwanza, asifichwe jambo. Aingie kwa daktari pamoja na wazazi, aulize mwenyewe. Pili, mgongo wake usionyeshwe wageni kama kioja. Tatu, ale vizuri na kufanya mazoezi aliyoruhusiwa. Nne, ajifunze mapema kugeuka kitandani mwili mzima kwa pamoja, maana ndivyo atakavyotakiwa kufanya akiisha kupasuliwa.

Na akisema, "Naogopa," tusimwambie kwamba hana imani. Tumsikilize mpaka amalize, ndipo tuombe pamoja naye. Kumtegemea Mwenyezi Mungu hakumkatazi mtu kuogopa, wala kutafuta matibabu.