Cheti cha Daktari Hakitoshi Mpakani: Somo Kuhusu Kusafiri na Dawa ya Bangi



Tunaulizwa mara kwa mara: mgonjwa aliyeandikiwa mafuta ya bangi na daktari wa ng'ambo, je, aweza kuingia nayo Uganda? Jibu letu ni kwamba cheti hicho peke yake hakimkingi.

Utata huu una chanzo chake. Zipo nchi, kama Kanada, zinazoruhusu bangi ya tiba. Tena, tarehe 2 Desemba 2020, Tume ya Umoja wa Mataifa ya Dawa za Kulevya iliiondoa bangi katika Jedwali la Nne la Mkataba wa 1961, lenye masharti makali zaidi. Wengi walidhani imehalalishwa duniani. Sivyo. Ilibaki katika Jedwali la Kwanza, na kila nchi hufuata sheria yake.

Hapa kwetu, Mei 2023, Mahakama ya Katiba ilibatilisha sheria ya dawa za kulevya ya 2015 kwa sababu Bunge liliipitisha bila akidi. Baadhi ya watu wakatangaza kuwa bangi i huru. Hata hivyo, Bunge lilipitisha sheria mpya Agosti mwaka huohuo, nayo ndiyo inayotumika. Kilimo cha bangi ya tiba huhitaji leseni, na leseni ya mkulima haimpi msafiri ruhusa ya kubeba hata chupa moja.

Majirani nao wana sheria zao. Rwanda iliruhusu mwaka 2021 kilimo cha bangi ya tiba kwa ajili ya kuuza nje, lakini matumizi ndani ya nchi yamebaki marufuku. Anayevuka Katuna asijidanganye.

Basi tunawashauri haya:

Kwanza, kabla ya safari, mgonjwa aiulize Mamlaka ya Taifa ya Dawa kwa maandishi, pamoja na ubalozi wa kila nchi atakayopitia.

Pili, amwone daktari wake mapema ili apewe dawa nyingine inayoruhusiwa. Kuacha tiba ghafla njiani ni hatari.

Tatu, madereva wa malori, wenye bodaboda na abiria wasibebe mzigo wasioujua, hata ukitoka kwa jamaa. Atakayehojiwa kwanza ni aliyekutwa nao.

Nne, dawa isifichwe. Ionyeshwe kwa afisa wa forodha pamoja na hati zake.

Ikiwa mtu amekamatwa, Katiba ya 1995 inampa haki ya kuelezwa sababu kwa lugha anayoielewa, kupata wakili, na kufikishwa mahakamani kabla ya saa 48 kupita. Dhamana ya polisi hailipiwi. Anayedai fedha kwa ajili yake aripotiwe.

Hatutaki kumwona mgonjwa akiwa mahabusu kwa kutojua sheria. Kuuliza si ujinga. Milango ya vituo vyetu i wazi.