Kukatika kwa Kano za Bega na Upasuaji Wake

Katika Kintinku, kwenye Reli ya Kati kati ya Dodoma na Manyoni, mvua huanza mwezi wa Desemba. Mkulima aangukaye na kuumia bega wakati huo hushawishika kungoja hadi mavuno yapite. Elimu ya mwili yaonyesha kwa nini kungoja huko kwaweza kumgharimu mkono.

Muundo wa bega
Kichwa cha mfupa wa mkono hukaa penye kombe la bega mfano wa mpira juu ya kisahani. Kinachokizuia kisiteleze ni misuli 4, ambayo kano zake hukizunguka mithili ya kilemba. Misuli hiyo hukikaza kichwa mahali pake, ndipo msuli mkubwa wa nje uweze kuuinua mkono.

Madhara
Kano huchakaa kwa umri, na huweza kukatika kwa kuanguka. Mpasuko wa sentimita 3 hadi 5 huhesabiwa kuwa mkubwa. Mgonjwa huumwa sana usiku, na hushindwa kuinua mkono ambao mtu mwingine aweza kumwinulia. Maumivu yakipungua, si dalili kwamba kano imeunga. Msuli uliotengana na mfupa hunywea na kuingiwa na mafuta, na mafuta hayo hayaondoki hata kano ikishonwa baadaye.

Tiba
Si kila mpasuko huhitaji kisu. Wengine hupata nafuu kwa mazoezi. Mnamo mwaka 1909 Ernest Codman wa Boston, Marekani, alishona kano ya namna hii. Siku hizi mpasuaji huweza kupitisha kamera nyembamba katika tundu dogo, akakita vishikizo vyenye nyuzi mfupani na kuifunga kano. Mkono hutundikwa kwa wiki 4 hadi 6, na jembe hungoja miezi kadhaa. Mipasuko mikubwa huweza kufumuka tena.

Kano isiposhoneka, lipo bega la bandia alilolibuni Paul Grammont wa Ufaransa katika miaka ya 1980: mpira huwekwa penye kombe na kisahani penye mfupa wa mkono, hivyo msuli wa nje hufanya kazi bila kano zilizokatika.

Kwa hiyo, aliyeanguka akashindwa kuinua mkono apelekwe hospitali mapema. Nchini Tanzania, Taasisi ya Mifupa Muhimbili, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1996, hushughulikia upasuaji wa mifupa na viungo.

Maswali
1. Kwa nini mgonjwa hushindwa kuinua mkono ilhali msuli wa nje ni mzima?
2. Eleza kwa nini kupungua kwa maumivu kwaweza kumpotosha mgonjwa.