Gari la Kabureta Linapogoma Kuwaka Likiwa na Joto

Swali: Corolla yangu ya zamani asubuhi inawaka mara moja. Nikitoka Dar es Salaam na kusimama Morogoro kunywa chai, nikirudi haiwaki mpaka ipoe. Fundi anasema ninunue kabureta mpya.

Jibu: Usitoe pesa bado. Kabureta iliyokufikisha Morogoro bila gari kukohoa mara nyingi ni nzima. Shida inaanza unapozima injini. Feni inasimama, maji ya rejeta hayazunguki tena, lakini joto la eksozi lipo na linapanda. Kwenye injini za Toyota 3K na 4K, na A12 ya Datsun 1200, menifodi ya kuingizia mafuta na ya kutolea moshi ziko upande mmoja, na kabureta imekaa juu ya joto lote hilo. Petroli nayo huanza kuchemka kwenye nyuzi 40 hivi. Ndiyo maana ukizima na kuwasha papo hapo huoni tatizo. Zinazokuponza ni zile dakika 10 hadi 30 za chai.

Swali: Ikichemka kunatokea nini?

Jibu: Moja kati ya mambo mawili yanayopingana. Ikichemkia kwenye bakuli la kabureta, inafurika na kuingia kwenye menifodi, plagi zinalowa. Ikichemkia kwenye pampu au bomba, pampu inavuta mvuke na bakuli linakauka. Gari moja limevimbiwa, jingine lina njaa, na kwa yote mawili stata inazunguka bure. Dawa zake ni tofauti, kwa hiyo usikisie.

Swali: Nitajuaje ni lipi?

Jibu: Fungua filta ya hewa, chungulia kooni mwa kabureta injini ikiwa imezimwa, kisha vuta waya wa mafuta. Petroli ikiruka kama uzi, bakuli lina mafuta. Isiporuka, na asubuhi huwa inaruka, limekauka. Harufu kali na plagi mbichi ni dalili ya kufurika. Kagua cheche pia: koili iliyochoka huzima ikipata joto na kufufuka ikipoa, na kabureta nyingi zimefunguliwa kwa kosa la koili.

Swali: Nifanye nini barabarani?

Jibu: Iliyofurika: usiguse choki. Kanyaga pedali ya mafuta hadi chini, ishikilie hapo bila kuipampu, piga stata sekunde chache, pumzisha, rudia. Hewa itazikausha silinda. Iliyokauka: funika pampu na bomba kwa kitambaa chenye maji, usilowanishe distribyuta, subiri, kisha piga stata.

Ukifika nyumbani, tazama chini ya kabureta. Panatakiwa kuwa na kipande kinene cha bakelaiti cha kuzuia joto. Nimeona magari mengi ambayo kipande hicho kilitupwa siku kabureta ilipofunguliwa, ikawekwa gasketi ya karatasi peke yake. Kirudishe. Kisha sogeza bomba la mafuta mbali na injini, na upime kimo cha boya.

Swali: Fundi wangu humimina petroli kooni mwa kabureta kwa chupa ya soda, na gari linawaka.

Jibu: Mkataze, tafadhali. Injini yenye joto ikirudisha moto nyuma, mwali unatokea kooni hapo hapo, na chupa iko mkononi mwake. Na kizimamoto chako kikae chini ya kiti cha dereva, si kwenye buti chini ya mizigo.