Klorini, Kisima na Uvumi Baada ya Mafuriko

*Katika bonde la Msimbazi, mafuriko yakishapita, husambaa ujumbe wa simu kwamba dawa ya klorini inayogawiwa ni sumu. Je, maji ya kisima yatumiweje? – Msomaji, Dar es Salaam*

Hofu hiyo inaeleweka, lakini uvumi umeielekeza pasipostahili: klorini ikitiwa kwa kipimo kilichoandikwa kwenye pakiti haidhuru, ilhali mafuriko hufurisha vyoo vya shimo na kupeleka visimani vimelea vya kipindupindu, ugonjwa wa kuhara ambao dalili zake huweza kujitokeza kati ya saa 12 na siku 5 baada ya maambukizi. Maji yenye matope huchujwa kwanza kwa kitambaa safi, kwa kuwa uchafu hupunguza nguvu ya dawa, kisha hutiwa klorini na kuachwa dakika 30, au huchemshwa mpaka yatokote. Harufu hafifu ya klorini inayobaki, ambayo wengi huichukia bure, huonyesha kwamba kinga ingalipo. Ujumbe usiotaja mtoaji wala tarehe usisambazwe kabla afisa afya wa kata hajaulizwa. Anayeharisha choo kama maji ya mchele aanze kunyweshwa maji ya ORS, yaani mchanganyiko wa chumvi na sukari, huku akipelekwa kituo cha afya, hata usiku, kwani upungufu wa maji mwilini huweza kuua ndani ya saa chache.