Kupima Nguvu za Umeme katika Motokaa

Motokaa ikikataa kuwaka asubuhi, wengi wetu husema mara moja, "Betri imekufa," kisha huenda dukani kununua nyingine. Mara nyingi betri ile mpya nayo hufa baada ya majuma machache, na mwenye gari humlaumu aliyemwuzia. Kumbe huenda betri zote mbili hazikuwa na kosa lolote. Umeme wa motokaa ni kama maji ya mfereji: yasipofika shambani, haitoshi kutazama chemchemi tu, sharti ufuate mfereji wote mpaka uone pale yanapozuiliwa.

Chombo cha kazi hii ni mita ndogo yenye nyaya mbili, nyekundu na nyeusi. Igeuze kwenye alama ya volti za umeme wa betri, wala si ya umeme wa nyumbani. Jihadhari pia usiiweke kwenye alama ya ampea ukaigusisha betri, maana itaungua.

Anza na betri yenyewe, gari likiwa limelala usiku kucha. Betri ya kawaida ina vyumba sita, na kila kimoja hutoa volti 2.1 hivi. Basi ukiona 12.6 au zaidi, imejaa; 12.2, imebaki nusu. 12 au chini yake, inakaribia kwisha. Kisha washa injini upime tena palepale. Katika magari mengi mita huonyesha baina ya 13.8 na 14.5. Ikibaki 12 na kuzidi kushuka, alteneta haichaji, na kununua betri ni kutupa fedha. Ikipita 15, betri inachajiwa kupita kiasi na maji yake yatakauka. (Magari mengi ya siku hizi yana kompyuta inayopandisha na kushusha kipimo hiki makusudi, kwa hayo fuata kitabu cha gari.)

Sasa tunafika mahali ambapo hata mafundi wengine hupapita. Waya ambao nyuzi zake nyingi zimekatika ndani waweza kuonyesha volti 12 kamili wakati hakuna kazi inayofanywa. Udhaifu wake huonekana umeme mwingi unapopita. Kwa hiyo hakikisha gia imetolewa na breki ya mkono imevutwa, kisha gusisha waya mwekundu wa mita kwenye kichwa cha chanya cha betri, na ule mweusi kwenye msumari mnene wa stata. Mwambie mwenzako apige stata. Hapo mita haikuonyeshi nguvu iliyofika, bali ile iliyopotea njiani. Ikipita nusu volti, kuna kasoro katika waya ule au viungo vyake. Fanya vivyo hivyo upande wa hasi, baina ya injini na kichwa cha hasi cha betri; hapo isizidi volti 0.3. Wengi husahau upande huu, ingawa umeme wote unaokwenda lazima urudi.

Taa za mbele nazo zataka kupimwa zikiwa zinawaka, nyuma ya glopu yenyewe. Tuseme betri ina volti 14 na injini inanguruma, lakini kwenye taa zafika 12.6 tu. Upungufu huo ni sehemu moja ya kumi. Lakini mwanga wa glopu ya waya hupungua kwa karibu sehemu tatu za kumi. Dereva ateremkaye Mai Mahiu usiku, penye malori yaliyoharibika na kusimama bila taa, anauhitaji sana mwanga huo.

Mara nyingi sababu ni kutu na matope mahali waya wa hasi unapofungwa kwenye bodi. Zima gari, fungua msumari, piga msasa mpaka chuma king'ae, kaza tena, kisha paka grisi juu yake. Halafu washa taa na upime tena palepale.