Malipo ya Serikali kwa Mfanyakazi Anayepoteza Uwezo wa Kuona: Mwongozo kwa Wakazi wa Shirere

Mwongozo huu ni wa mfanyakazi wa Shirere ambaye macho yameanza kumwangusha: mwalimu asiyeweza tena kusahihisha madaftari bila kuyasogeza puani, fundi wa kuchomelea aliyeumizwa na cheche, karani wa kaunti, bawabu wa zamu ya usiku, mama anayeuza nguo sokoni. Ni wa jamaa zao pia, maana mara nyingi wao ndio wanaotangulia kwa chifu kuulizia.

Wanachouliza ni kama serikali humlipa mtu kwa sababu haoni. Kenya haina malipo yanayotolewa kwa upofu peke yake. Zipo fedha za aina kadhaa, na kila aina ina sheria yake, ofisi yake na masharti yake. Nyingine hulipwa taslimu, nyingine hubaki mfukoni mwako kwa kuwa hukukatwa ushuru, na nyingine hudaiwa kwa mwajiri. Wengi wanaijua ile ya kwanza tu, ya mpango wa Inua Jamii. Huingojea miaka nenda miaka rudi, kumbe wana haki ya fedha nyingine zinazoizidi mara kadhaa.

Daktari na kadi

Karibu kila ofisi utakayoingia itataka uthibitisho kwamba umesajiliwa na Baraza la Kitaifa la Watu Wenye Ulemavu. Baraza hilo liliundwa chini ya Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya 2003, na sasa kuna sheria mpya iliyotiwa saini Mei 2025. Kadi ya baraza hutolewa baada ya uchunguzi wa daktari katika hospitali ya serikali iliyoidhinishwa. Kwa mkazi wa Shirere, hiyo ni Hospitali ya Rufaa ya Kaunti, hapo hapo mjini Kakamega.

Kliniki ya macho hupima mambo mawili, na inafaa uyaelewe kabla hujaketi mbele ya daktari. La kwanza ni ukali wa kuona. Ukikaa mita 6 kutoka kwenye ubao wa herufi ukashindwa kusoma mstari ambao mwenye macho mazima anausoma akiwa mita 18, umeshuka chini ya 6/18. Hapo ndipo uoni hafifu unapoanzia kwa vipimo vya Shirika la Afya Duniani. Ukishuka chini ya 3/60, huo ni upofu. Kinachohesabiwa ni jicho lililo afadhali, tena ukiwa na miwani yako, kwa hiyo usiiache nyumbani.

La pili ni upana wa kuona, na hili husahaulika. Presha ya macho huanza kula pembeni. Mtu anaweza kusoma herufi ndogo kabisa za ubaoni, kisha akitoka nje agongwe na bodaboda iliyotokea kando kwa kuwa hakuiona. Mtu ambaye upana wa kuona kwake hauzidi nyuzi 10 kutoka katikati huhesabiwa kuwa kipofu hata kama herufi anazisoma. Ukiwa na presha ya macho, mwombe daktari apime upana huo na aandike matokeo kwenye fomu. Fomu iliyojazwa namba za ubao peke yake humdhulumu mgonjwa wa aina hii, na ofisi zitakazofuata zitaamua kwa kutazama karatasi hiyo.

Mwenye mtoto wa jicho huenda akashauriwa afanyiwe upasuaji kwanza. Akubali, kwa sababu mtoto wa jicho hutibika, na hakuna malipo yanayolingana na macho yenyewe. Mbali na hospitali ya rufaa, ipo Hospitali ya Macho ya Sabatia katika kaunti jirani ya Vihiga.

Sehemu ya usajili siku hizi hufanywa kupitia eCitizen. Asiyeona skrini hulazimika kumtegemea mtu wa saiba au mtoto wa jirani, na hapo pana hatari. Nenda na mtu unayemwamini, nywila yako usimwachie mwingine, na ujumbe wa siri unaoingia kwenye simu yako usimsomee mtu asiyekuhusu. Hospitali ikitoza ada, lipa kwa keshia na uchukue risiti. Anayetaka pesa mkononi ili “akupitishe” ni tapeli, hata kama amevaa beji.

Inua Jamii ni ya nani

Inua Jamii husimamiwa na Wizara ya Leba na Ulinzi wa Jamii. Kiwango chake ni KSh 2,000 kwa mwezi, na mara nyingi miezi kadhaa hulimbikizwa ikalipwa pamoja. Sehemu inayowahusu wenye ulemavu ilianza 2011, na sharti lake ni zito: ulemavu uwe mkali kiasi cha mtu kuhitaji mlezi wa kumhudumia wakati wote, na kaya iwe maskini kabisa. Kaya yenye mtu wa mshahara au pensheni haikusudiwi, wala ile inayopokea tayari fedha nyingine za mpango huo huo.

Hii ndiyo sababu mwalimu asiyeona hukataliwa, na fundi aliyebaki na jicho moja hukataliwa pia. Chifu hajawachukia. Mpango huu haukutungiwa mtu anayejitafutia riziki. Ulitungiwa kijana aliyezaliwa haoni, hasemi na hawezi kujilisha, ambaye mama yake ameacha vibarua ili asimwache peke yake. Ikiwa nyumbani kwako yuko mtu wa namna hiyo, peleka jina lake kwa naibu wa chifu na kwa afisa wa maendeleo ya jamii wa kaunti ndogo ya Lurambi, na uulize usajili ujao utafanyika lini. Mlezi atakayempokelea fedha atajwe kwa jina, awe yule anayemlisha na kumwogesha, asiwe mjomba wa mbali mwenye simu nzuri. Akizitumia vibaya, omba abadilishwe.

Wazee wana njia iliyo rahisi zaidi. Tangu 2018 mpango wa wazee umekusudiwa kila Mkenya aliyefikisha miaka 70 asiye na pensheni, awe anaona au haoni. Bibi wa miaka 74 aliyepofuka hana haja ya kuthibitisha ukali wa upofu wake. Kitambulisho chenye mwaka wake wa kuzaliwa kinatosha kumwombea nafasi, na familia nyingi hupoteza muda zikimsukuma katika foleni ya ulemavu.

KSh 2,000 ni kidogo. Kiwango hicho kimekaa palepale kwa zaidi ya miaka 10 huku bei ya unga ikipanda, na ni haki ya wananchi kudai kiongezwe. Kifungu cha 43 cha Katiba kinaitaka serikali iwape hifadhi ya jamii wasioweza kujikimu na wanaowategemea.

Msamaha wa ushuru kwa anayelipwa mshahara

Ikiwa unafanya kazi ya mshahara, fedha yako kubwa iko hapa. Kwa agizo la 2010, mtu mwenye ulemavu aliyesajiliwa na baraza na kupewa cheti cha msamaha na mamlaka ya ushuru, KRA, hatozwi ushuru wa mapato kwa KSh 150,000 za kwanza za kila mwezi.

Mchukue karani anayelipwa KSh 60,000. Kwa viwango vya 2025, hazina ya hifadhi ya jamii, NSSF, humkata 3,600, bima ya afya ya SHA 1,650, na ushuru wa nyumba 900. Kinachobaki kutozwa ushuru wa mapato ni 53,850, na baada ya nafuu ya kawaida ya 2,400 hulipa takriban KSh 8,500 kila mwezi. Akiwa na cheti, hizo 8,500 hubaki kwake. Ni zaidi ya mara nne ya Inua Jamii, na kwa mwaka zinapita laki moja. Yale makato mengine matatu yanaendelea kama kawaida, kwa sababu msamaha ni wa ushuru wa mapato peke yake. Usije ukamgombeza mhasibu kwa kuendelea kukukata SHA.

Maombi huandamana na kadi ya baraza, ripoti ya daktari, barua ya mwajiri, na namba yako ya KRA ikiwa haina deni la ritani. Hapa wengi hukwama. Mtu hugundua kwamba miaka mitatu iliyopita alibadilisha kazi na hakujaza ritani, na maombi yake yanasimama hadi alipe faini. Angalia ritani zako kabla hujaanza safari nyingine zote. Huduma Centre mjini Kakamega wanaweza kukusaidia. Ukishapata cheti, mpe mwajiri nakala na utazame hati ya mshahara ya mwezi unaofuata. Mwombe mtu akusomee mstari wa PAYE, yaani ushuru wa mapato. Kama bado unakatwa, rudi kwa mhasibu siku hiyo hiyo. Cheti kina tarehe ya kuisha, na kuomba kipya huchukua muda, kwa hiyo anza mapema. Na ritani ya mwaka hujazwa kufikia Juni 30 hata na mwenye msamaha.

Usiandike barua ya kujiuzulu

Macho yakianza kufifia, wengi huficha. Huhofia kufukuzwa, huhofia aibu, na mwishowe huacha kazi wenyewe kwa heshima kabla hawajaonyeshwa mlango. Ukijiuzulu kimyakimya, msamaha wa ushuru hauna tena mshahara wa kuulinda, na haki nyingi zinazotegemea ajira zinaondoka pamoja na barua yako.

Sheria ya Ajira ya 2007 inakataza ubaguzi kwa sababu ya ulemavu, na inasema ulemavu si sababu halali ya kumwachisha mtu kazi. Mwajiri anatakiwa kufanya marekebisho ya kumwezesha mfanyakazi: programu ya kusoma skrini kwa sauti, taa bora, kuhamishiwa majukumu mengine. Katika utumishi wa umma kuna posho ya mwongozaji kwa asiyeona, na walimu wanayo ya kwao kupitia Tume ya Huduma za Walimu. Mtumishi wa umma mwenye ulemavu hustaafu akiwa na miaka 65, wakati wenzake hustaafu wakiwa na 60. Hiyo ni miaka 5 ya mshahara, na ofisi ya wafanyakazi haiwezi kukuhesabia ikiwa haina kadi yako kwenye faili. Ipeleke kwa barua na ubaki na nakala yenye muhuri.

Jicho lililoumia kazini

Fundi aliyeajiriwa, hata mwanagenzi, akiumia jicho akiwa kazini analindwa na sheria ya fidia ya majeraha ya kazini ya 2007. Dai hili halisubiri kadi ya baraza. Mwambie mwajiri mara moja, mbele ya shahidi. Akishapata habari ana siku 7 za kuripoti kwa mkurugenzi wa usalama na afya kazini. Nawe una miezi 12 tangu siku ya ajali kuwasilisha dai.

Fidia ya ulemavu wa kudumu hukokotolewa kwa mapato ya miezi 96. Kupoteza macho yote mawili ni asilimia 100. Aliyekuwa akilipwa KSh 15,000 kwa mwezi ana dai la KSh 1,440,000, na aliyepoteza jicho moja hupata sehemu yake kwa kadiri ya tathmini ya daktari. Mwajiri akija hospitalini na KSh 20,000 na karatasi ya kutia kidole, usitie. Chukua karatasi za matibabu na uende ofisi ya leba.

Aliyekuwa akichangia NSSF naye aulizie malipo ya kutoweza kufanya kazi. Hayo hutaka uthibitisho wa daktari kwamba hali ni ya kudumu, na kwa hazina yake ya pensheni, michango ya miezi 36.

Wanaojiajiri hawana mwajiri wa kumdai. Wao waombe katika Hazina ya Kitaifa ya Maendeleo ya Watu Wenye Ulemavu, kupitia ofisi ya baraza ya kaunti. Hutoa vifaa kama fimbo nyeupe, hugharimia masomo, na husaidia mitaji ya vikundi vilivyosajiliwa.

Ukikataliwa au ukinyamaziwa

Jibu la mdomo dirishani halitoshi. Sheria ya 2015 kuhusu hatua za haki za kiutawala inakupa haki ya kupewa sababu za uamuzi kwa maandishi. Ukiomba habari kuhusu faili yako chini ya Sheria ya Kupata Habari ya 2016, ofisi ya umma ina siku 21 za kukujibu. Kifungu cha 54 cha Katiba kinakupa haki ya kutumia Breli au njia nyingine inayokufaa. Kwa hiyo unaweza kumwomba afisa akusomee fomu yote kwa sauti kabla hujatia sahihi, na anayekataa anavunja haki hiyo.

Malalamiko ya Inua Jamii yana namba ya bure, 1533. Ofisi yoyote ya umma inayokuzungusha inaweza kushtakiwa kwa Tume ya Haki ya Utawala, na huhitaji wakili. Katika barua taja tarehe uliyofika, dirisha ulilohudumiwa na ulichoambiwa, ambatisha nakala, na ile nakala utakayorudi nayo nyumbani igongwe muhuri wa kupokelewa.