Kufuli Peke Yake Halitoshi

Wako watu wanaodhani kwamba mtandao wa kompyuta ukishafungiwa vifaa madhubuti vya ulinzi, basi umekuwa salama. Dhana hii ni kweli nusu. Ili tuione kasoro yake, yafaa kwanza tuielewe kazi ya vifaa hivyo.

Kifaa cha ulinzi hutunza funguo za siri, na kwa funguo hizo huugeuza ujumbe kuwa fumbo kabla haujasafirishwa. Mtu akiunasa njiani hawezi kuusoma, wala kuubadili bila kugundulika. Lakini kifaa hakijui nia ya mtu. Hutii amri ya kila aliye na neno la siri lililo sahihi, awe mwenyeji au mwizi.

Jambo hili lilidhihirika Februari 2016 katika Benki Kuu ya Bangladesh, iliyokuwa ikipeleka amri zake za malipo kwa mtandao wa SWIFT, unaounganisha mabenki ya dunia. Wezi hawakulivunja fumbo la mtandao huo. Waliingia katika kompyuta za benki yenyewe, wakatumia vitambulisho vyake halali, kisha wakapeleka amri 35 za kuhamisha karibu dola milioni 951 kutoka akaunti yake ya New York. Mitambo ilitimiza wajibu wake barabara: iliufumba uongo na kuufikisha salama! Tena programu ya wezi iliivuruga mashine ya kuchapa taarifa za malipo, hata wafanyakazi wakachelewa kutambua.

Amri nyingi zilizuiwa, lakini dola milioni 81 zilifika Ufilipino. Dola milioni 20 nyingine, zilizoelekezwa Sri Lanka, ziliokolewa kwa sababu jina la mpokeaji liliandikwa vibaya, na watumishi wa benki nyingine wakalitilia shaka. Hapo jicho la binadamu liliona ambalo mtambo haukuweza kuliona.

Kwa hiyo ulinzi sharti uwe wa tabaka nyingi. Programu zirekebishwe kila kasoro inapogunduliwa. Kila mtumishi apewe madaraka ya kazi yake tu. Malipo makubwa yathibitishwe na mtu wa pili, kwa njia nyingine. Kumbukumbu zikaguliwe kila siku. Wahenga walikwisha kutuonya: kikulacho ki nguoni mwako.